Land Cruiser mkonga: lisome gari kuanzia chini kabla hujalinunua

Kwenye Land Cruiser za familia ya 70, zile zinazoitwa mkonga, sehemu inayodanganya kuliko zote ni pua. Fundi bodi mzuri wa Arusha anaweza kuchukua gari la 1994, akalifunga boneti, fenda na taa za toleo la 2007, akalipiga rangi ya khaki, na likaingia yadi likionekana limezaliwa miaka kumi na zaidi baadaye. Kazi hiyo haina ubaya wowote kama muuzaji anaisema. Ubaya unaanza pale bei inapofuata pua badala ya chasisi.

Ndiyo maana anayenunua hardtop, pikapu au gari la utalii hapa Arusha na Moshi anatakiwa kuanza kwa kulala chini. Ekseli, springi, nati za tairi na urefu wa chasisi ni ghali kubadilisha, kwa hiyo mara nyingi vinasema ukweli. Taa na grili ziangalie mwisho.

Kibati cha boneti na namba za familia

Toyota ilianza kuuza familia ya 70 Novemba 1984, ikichukua nafasi ya ile ya 40. Umbo la jumla halijabadilika sana tangu hapo, na ndiyo sababu watu wanachanganya miaka.

Fungua boneti. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kebini kuna kibati chenye kodi ya modeli, kwa mfano HZJ79R-TJMRS. Isome kwa vipande. HZ ni injini ya 1HZ. J ni Land Cruiser. 79 ni aina ya chasisi na bodi. R inayofuata namba ni usukani wa kulia. Ukikuta L, gari lilitengenezwa kwa usukani wa kushoto, na kama sasa usukani uko kulia, mtu ameuhamisha. Kwenye magari ya baada ya 1999, herufi ya kwanza baada ya kistari inataja bodi: T ni pikapu, R ni bodi iliyofungwa, D ni dabo kebini.

Herufi za mwanzo ndizo zinazokuambia injini iliyotoka nayo kiwandani:

BJ ni dizeli ya silinda nne ya familia ya B, kama 3B ya sentimita za ujazo 3,431. HJ kwenye HJ75 ni 2H, silinda sita, lita 4.0. PZJ ni 1PZ, silinda tano, lita 3.5. HZJ ni 1HZ, silinda sita, lita 4.2, iliyoingia 1990. FZJ ni petroli ya silinda sita, lita 4.5. GRJ ni petroli ya V6, lita 4.0. VDJ ni dizeli ya V8, lita 4.5. GDJ ni dizeli mpya ya silinda nne, lita 2.8.

Namba nazo zina mpango wake. Kabla ya mabadiliko ya 1999: 70 na 71 ni fupi, 73 na 74 ni za kati, 75 ni ndefu (pikapu na hardtop), 77 ni ya milango minne na wa nyuma. Baada ya 1999: 71 fupi, 74 ya kati, 76 milango minne na wa nyuma, 78 hardtop ndefu, 79 pikapu.

Kuna mtego mmoja kwenye namba 78. LJ78 na KZJ78 si hardtop za kazi; ni Prado za mwanzo, zenye koili pande zote nne na injini ya silinda nne. Ni magari mazuri kwa familia, ila dalali akikuambia kwa simu "ni seven-eight", muulize herufi za mbele kabla hujapanda basi kutoka Moshi.

Mstari mkubwa: 1999

Kama una dakika mbili tu za kuliangalia gari, zitumie hapa. Mwaka 1999 Toyota ilibadilisha chini ya gari hili kuliko wakati mwingine wowote.

Hesabu nati za tairi. Nati sita ni gari la kabla ya mabadiliko, na duara la nati lina kipenyo cha milimita 139.7. Nati tano ni gari la baada yake, duara la milimita 150. Kisha chungulia nyuma ya tairi la mbele. Ukiona springi za majani, ni la zamani. Ukiona koili, ni jipya. Nyuma zilibaki springi za majani kwa yote, lakini za baada ya 1999 ni ndefu zaidi na hazibadilishani na zile za 75. Fundi akikuambia "springi ni springi tu", tafuta fundi mwingine.

Majibu mawili haya lazima yakubaliane. Ukiacha zile Prado za mwanzo, nati sita na koili mbele, au tano mbele na sita nyuma, maana yake gari limeunganishwa kutoka magari mawili. Linaweza kutembea vizuri, lakini kila utakapotafuta beringi, diski au rimu utakuwa unabahatisha. Yapo pia maspesa ya kubadilisha nati sita kuwa tano. Kwa gari linalobeba watu saba na mizigo kwenye barabara ya Serengeti, hicho ni kitu cha kutoa siku hiyo hiyo.

Je, koili ni bora? Kwa abiria, ndiyo, bila ubishi. Kipande cha kutoka geti la Naabi kwenda Seronera, chenye mawimbi ya vumbi mfululizo, kinampiga sana mtu aliye kwenye HZJ75. Springi za majani za mbele ni ngumu na gari hurukaruka kwenye kona. Faida yake ni urahisi: jani likikatika linapatikana popote, na kazi ya kulibadilisha haihitaji vifaa vya pekee. Koili inaleta vitu vingine vya kuangalia: bushi za mikono mirefu inayoshika ekseli, na bushi za fimbo ya pembeni inayozuia ekseli isiende kushoto na kulia. Zikiisha, gari linatangatanga barabarani na usukani unatetemeka ukipita shimo kwa mwendo wa kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Wengi hufunga dampa mpya ya usukani, mtetemo unapungua, gari linauzwa. Dampa inaficha tu. Mwambie mtu achezeshe usukani kushoto na kulia injini ikiwa inawaka, wewe ukiwa chini unaangalia: bushi nzima haionyeshi mwendo wa chuma kwenda huku na huku.

Kitu kingine cha koili: gari likinyanyuliwa zaidi ya milimita 50 hivi, pembe ya ekseli ya mbele inabadilika na usukani unakuwa mwepesi mno, haurudi wenyewe ukitoka kwenye kona. Dawa ni bushi za kurekebisha pembe hiyo. Ukikuta gari limenyanyuliwa, uliza kama zilifungwa.

Pima kwa futi ya chuma

Simamisha gari mahali tambarare, tairi za mbele zikiwa zimenyooka. Pima kutoka katikati ya habu ya mbele hadi katikati ya habu ya nyuma, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Vipimo vya kiwandani ni hivi:

70 na 71: milimita 2,310
73 na 74: milimita 2,600
76 na 77: milimita 2,730
75 na 78: milimita 2,980
79: milimita 3,180

Angalia tofauti ya 75 na 79. Pikapu mpya ni ndefu kwa sentimita 20 kati ya tairi, kwa hiyo pikapu inayoitwa 79 lakini inapimika 2,980 ni 75 iliyovalishwa sura. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, ama pini ya katikati ya springi imekatika na ekseli imesogea, ama chasisi imepinda. La kwanza ni la nusu siku. La pili liache.

Kipimo kikizidi kile cha kiwandani, unaangalia gari lililorefushwa, na magari mengi ya utalii ya Arusha yako hivyo: chasisi imekatwa, ikaongezwa kipande, juu likawekwa paa la kufunguka. Kazi hii ikifanywa vizuri inadumu miaka mingi. Ikifanywa vibaya inapasuka polepole, na huwezi kuijua kwa kuangalia bodi.

Lala chini na tochi, brashi ya waya na nyundo ndogo. Tafuta pale chasisi ilipoungwa. Mkato mzuri haushuki wima kama umekatwa na kisu. Unakwenda kwa mshazari au kwa ngazi, ili mchomeleo wa juu, wa pembeni na wa chini usikutane mahali pamoja. Pembeni pawe na bamba la kuimarisha lenye ncha zilizokatwa kwa mshazari. Bamba lenye mwisho wa wima, lililochomelewa kuzunguka pande zote, huhamishia mpasuko mwishoni mwa bamba lenyewe. Hapo ndipo pa kupiga brashi ya waya kwanza. Nyufa huanza kama mstari mwembamba wa kutu unaopenya kwenye rangi. Chasisi iliyopakwa lami mbichi au rangi nyeusi jana yake si ushahidi wa kosa, lakini ni sababu ya kukwangua.

Usikubali mchomeleo ulio karibu kabisa na kishikio cha springi. Pale ndipo mzigo wote unapoingia kwenye chasisi.

Kisha fuata propela. Gari likirefushwa, propela ya nyuma nayo inaongezwa, na shafti moja ndefu kupita kiasi huanza kutetemeka mwendo ukiongezeka. Njia sahihi ni shafti ya vipande viwili yenye beringi ya katikati iliyoshikwa kwenye chasisi. Endesha hadi kilomita 80 kwa saa kwenye lami, kwa mfano kipande cha Makuyuni kwenda Mto wa Mbu, na usikilize mtetemo unaotoka chini ya kiti na si kwenye usukani. Angalia bomba la breki la nyuma: liwe refu moja au liungwe kwa viungio vya kukaza kwa spana. Bomba la mpira lililobanwa kwa klipu kwenye laini ya breki ni hatari, gari lisitoke hapo.

Nyuma hesabu majani ya springi, kushoto na kulia yalingane. Kama springi ni mpya, uliza zilifungwa lini, maana nati za yu-boliti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) hulegea zikikaa na zinatakiwa kukazwa tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000. Zisipokazwa, pini ya katikati hukatika, ndipo unapokutana na ile ekseli iliyosogea.

Dabo kebini nayo ina mwaka wake. Pikapu ya 79 yenye milango minne ya kiwandani ilianza 2012. Ukionyeshwa ya 2003, kebini imetengenezwa gereji. Angalia nguzo za milango na sakafu kwa puti, na umwage maji juu ya paa uone yanaingilia wapi.

2007: pua mpya na V8

Mabadiliko ya 2007 ndiyo yanayoonekana na kila mtu: boneti iliyovimba, fenda pana, taa kubwa zisizo za duara. Sababu ilikuwa injini ya V8 ya dizeli, 1VD-FTV, ambayo ni pana na haikuingia kwenye pua ya zamani. Ekseli ya mbele ilipanuliwa, ya nyuma ikaachwa, kwa hiyo kwenye V8 tairi za mbele zimekaa nje kuliko za nyuma. Tofauti ya upana wa njia ni kama milimita 95. Kwenye mchanga na tope unaihisi, kwa sababu tairi ya nyuma haikanyagi alama ya mbele bali inachimba yake.

Magari ya 1HZ yaliendelea kutengenezwa yakiwa na pua hiyo hiyo mpya. Ndiyo maana pua peke yake haikuambii injini wala mwaka. Gari lenye pua ya 2007 na nati sita halikutoka kiwandani hivyo.

V8 ina nguvu ambayo 1HZ haijawahi kuwa nayo, na mnyororo wa taimingi badala ya mkanda. Kwa kazi ya Arusha ina madhaifu matatu ambayo muuzaji hatayataja. Oltaneta imekaa chini, inakula tope. Ikishaloa mara kadhaa msimu wa mvua, beringi na brashi zake zinakwisha. Stata iko katikati ya V, chini ya mfumo wa hewa, kwa hiyo kuitoa ni kazi ya saa nyingi hata kama stata yenyewe ina tatizo dogo. Na nozo zake, zinazonyunyiza mafuta kwenye silinda, hazivumilii dizeli chafu. Kama gari litajaza mafuta kwenye madumu ya kambini, V8 si gari lako. Angalia pia ulaji wa oili: soma kijiti kabla ya safari ya majaribio na tena baada yake, gari likiwa limetulia.

1HZ, injini ya kazi

Kwa mtu wa utalii au mkulima wa Siha na Rombo, mara nyingi jibu ni 1HZ. Haina turbo, haina kompyuta ya kuisumbua, na fundi yeyote wa dizeli Arusha anaifahamu. Nguvu zake ni kama farasi 130. Ikipanda ukingo wa Ngorongoro, juu ya mita 2,200, hewa ni nyepesi na injini isiyo na turbo inapungua nguvu na kutoa moshi mweusi kidogo. Hilo si ugonjwa. Moshi mweusi ule ule ukiuona Moshi mjini, kwenye tambarare, ni nozo, pampu, au filta ya hewa iliyojaa vumbi.

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika weka mkono kwenye injini uhakikishe ni baridi. Washa swichi, subiri taa ya glo plagi (za kupasha injini joto kabla ya kuwaka) izime, piga stata. Injini nzima inashika ndani ya sekunde mbili tatu hata asubuhi ya Julai. Moshi mweupe unaokaa na injini inayotembea kwa silinda tano kwa dakika nzima: glo plagi zimekufa au kompresheni imeshuka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka. Pumzi kidogo ni kawaida. Moshi unaosukuma kwa nguvu ni ringi zilizochoka. Ukiwa tayari kulipa fedha nyingi, mpe fundi apime kompresheni: silinda sita zisitofautiane kwa zaidi ya bar 5.

Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000. Magari mengi yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi inayowaka muda huo ukifika. Ukiwasha swichi kabla ya stata, taa hiyo iwake na taa nyingine. Isipowaka kabisa wakati nyenzake zinawaka, kuna mtu aliyeichomoa balbu. Mkanda ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na kinachofuata ni silinda hedi, si mkanda. Usipopata risiti wala tarehe, chukulia haukubadilishwa na upange kuubadilisha wiki ya kwanza, pamoja na beringi ya kukaza. Ukifungua hapo, angalia sili ya kamshafti na ya kranki mbele. Oili ikidondokea mkanda mpya, umetupa fedha. Ni wakati mzuri pia wa kupima klirensi za valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi 0.35 hadi 0.45.

Adui halisi wa 1HZ ni joto. Silinda hedi yake hupasuka kwenye vyumba vidogo vya kuchomea mafuta ikichemka, na iliyofungwa turbo ya gereji bila kupunguza pampu hupasuka mapema zaidi. Fungua rejeta ikiwa baridi: kulanti iwe na rangi safi, isiwe maji ya bomba yenye kutu, na isiwe na utando wa oili. Mtu akanyage mafuta kidogo wakati kifuniko kiko wazi. Mapovu yasiyoisha ni gasketi au ufa. Angalia pia sura ya rejeta kwa nje. Magari ya mbugani hujaza mbegu za nyasi kati ya mapezi, na dereva akirudi mjini huosha bodi tu.

Halafu lipeleke mlimani. Kutoka Himo kupanda Marangu Mtoni, watu wanne ndani, gia ya pili na ya tatu, panatosha. Sindano ya joto ibaki katikati. Ikipanda kwenye mwinuko na kushuka kwenye tambarare, shida ni klachi ya feni au rejeta. Ikipanda hata kwenye tambarare kwa kasi, shuku rejeta iliyoziba ndani. Arusha unaweza kutumia mlima wa Mto wa Mbu, lakini huko ni mbali kumshawishi muuzaji aende.

Ekseli ya mbele

Aina zote hizi zina vifundo vya mbele vya mpira wa chuma vilivyojaa grisi. Pangusa ule mpira nyuma ya tairi kwa kitambaa. Utando mwembamba wa grisi ni sawa. Ukikuta uji mweusi mwepesi unaodondoka, sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu imechanganyika na grisi, na beringi za kifundo zinaoshwa badala ya kulainishwa. Matengenezo yake ni kufungua pande zote mbili, kuweka sili, gasketi, filti na grisi mpya, na kupanga shimu za beringi ili kifundo kiwe kizito kidogo. Fundi anayefunga bila kupima uzito huo anakurudishia mtetemo wa usukani.

Kutofautisha beringi ya tairi na ya kifundo ni rahisi. Nyanyua tairi la mbele kwa jeki, lishike juu na chini, lisukume. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki na usukume tena. Mchezo ukiisha ni beringi ya tairi. Ukibaki ni ya kifundo.

Friwili za mkono ziwe zinageuka kwa vidole. Zifunge, ingiza H4 (tairi zote nne zivute) na ujaribu kwenye udongo au kokoto, usifanye hivyo kwenye lami kavu, mfumo unajikaza na lever inagoma kutoka. Ukimaliza, rudi nyuma mita chache ndipo ufungue.

Mambo ya haraka

Baadhi ya magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana umeme wa volti 24. Ukiona betri mbili, pima kwa mita kabla ya kuchomeka redio ya mawasiliano au chaja za wageni. Gari lililokaa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar lichungulie kutu kwenye fremu ya kioo cha mbele na mfereji wa maji wa paa. La Arusha lina vumbi zaidi kuliko kutu. Rimu za zamani za inchi 16 zenye ringi ya kufungia haziguswi kabla upepo wote haujatolewa. Nyingi za 78 zina matanki mawili ya lita 90, jaribu yote mawili, kwa sababu la pili huachwa miaka na uchafu wake.

Toleo la 2023 limerudisha taa za duara, za LED, na kuleta injini ya 1GD ya lita 2.8 na giaboksi ya otomatiki ya gia sita. Kwa nguvu ya kuzungusha inaizidi V8 ya 70: Nm 500 dhidi ya 430. Kwa gari la mitumba hapa bado ni mapema kulishauri. Mafundi wengi wa nje ya wakala bado hawajalizoea, na angalia usidhani taa za duara ni gari la zamani au kinyume chake.

Namba na kadi

Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Isafishe kwa brashi, usiisome kupitia rangi. Herufi ziwe na kina sawa na mstari ulionyooka, na chuma kinachozizunguka kisiwe kimesagwa. Linganisha na kibati cha boneti, kisha na kadi. Namba ya injini ilinganishwe pia, maana injini nyingi za mitumba zimebadilishwa. Injini iliyobadilishwa si tatizo ikiwa kadi imerekebishwa TRA, na ni tatizo lako ikiwa haijarekebishwa siku unapohamisha umiliki.

Mwaka wa kwanza kusajiliwa Tanzania si mwaka wa kutengenezwa. Vuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho: mara nyingi kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa kwake. Soma na mikanda ya viti vingine, kisha linganisha na nati za tairi na urefu uliopima. Mikanda ya 1996, nati sita na kipimo cha 2,980 kwenye gari linaloitwa la 2008 vinakupa bei ya kuanzia mazungumzo, na bei hiyo ni ya HZJ75.